Amplifaya ya zamani ya gari: namna ya kuifungua, kuikagua na kuipima kabla ya kuiwasha

Amplifaya nyingi za gari za miaka ya 1980, 1990 na mwanzoni mwa 2000 bado zinatengenezeka. Vipuri vyake ni vikubwa, vina miguu inayopenya bodi, na namba zake nyingi zinasomeka kwa macho. Kinachozimaliza ni pupa ya fundi. Anaona transista iliyopasuka, anaweka mpya, anaunganisha betri moja kwa moja, na ile mpya inapasuka kabla hajaondoa mkono. Kipuri kilichoungua mara nyingi ni mwathirika tu, na chanzo kiko sehemu nyingine ya bodi. Kwa hiyo anza na macho, fuata na mita umeme ukiwa haupo kabisa, kisha upe umeme mdogo kupitia balbu. Betri yenyewe ije mwisho.

Kuitoa na kuifungua

Kwenye gari, toa kwanza waya hasi wa betri. Baada ya hapo ng'oa waya mkubwa wa chanya, waya wa REM (unaoleta amri ya kuwaka kutoka kwenye redio), nyaya za spika na za RCA (zinazoleta sauti kutoka kwenye redio), na waya wa arthi (unaofungwa kwenye chuma cha gari) uwe wa mwisho. Piga picha ya kila upande kabla ya kulegeza chochote, pamoja na mahali vishikizo vya gaini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) na vya kuchuja masafa vilipo.

Kasha lenyewe ni bomba la alumini lenye mapezi ya kupozea. Mengine hufunguka kwa kuondoa bamba la chini, mengine kwa kuondoa vibamba vya mwisho na kuvuta bodi nje. Utahitaji bisibisi ya nyota na funguo za pembe sita za milimita 2, 2.5 na 3. Usivute bodi kwa nguvu. Transista za nguvu zimebanwa kwenye ukuta wa alumini kwa vipande vya chuma au springi, na usipolegeza vyote utang'oa miguu yake pamoja na njia za shaba za bodi. Weka skrubu za transista kando na skrubu za kasha, kwa sababu skrubu ndefu kuliko inavyotakiwa ikirudishwa pasipo pake inaweza kutoboa kihami (kipande kinachotenga transista na alumini kiumeme) na kuleta shoti.

Kabla ya kugusa chochote, mwaga umeme uliobaki kwenye kapasita. Shika rezista ya omu 100 yenye wati 5 kwa koleo lenye mipini ya plastiki, uiguse kwenye miguu miwili ya kila kapasita kubwa kwa sekunde tano hivi, kisha hakikisha kwa mita kwamba imebaki chini ya volti 1. Wapo wanaofanya kazi hii kwa bisibisi. Inamwaga umeme kweli, lakini cheche yake inaweza kuharibu kapasita na kuunguza njia ya shaba iliyo karibu.

Ramani ya bodi

Volti 12 za gari hazitoshi kutoa nguvu kubwa kwenye spika ya omu 4. Ndiyo maana nusu ya bodi ni kiwanda kidogo cha kupandisha volti. Upande wa vizibo vya betri (mahali nyaya zinapofungwa) utaona kapasita za volti 16 au 25, koili nene ya kuchuja kelele, na safu ya mosfeti (transista zinazofanya kazi kama swichi), mara nyingi za aina ya IRFZ44N au IRF3205. Zimegawanyika katika makundi mawili yanayowaka na kuzima kwa zamu, na zinapiga umeme kwenye transfoma ya duara yenye nyaya nene za shaba. Anayeamuru zamu hiyo ni chipu ndogo yenye miguu 16, na kwenye amplifaya za zamani chipu hiyo mara nyingi ni TL494 au ndugu yake KA7500.

Upande wa pili wa transfoma kuna dayodi za kasi (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zenye umbo la transista. Zinatoa volti chanya na volti hasi, tuseme +30 na -30, zinazohifadhiwa kwenye kapasita kubwa za volti 35 au 50. Baada ya hapo ndipo sehemu ya sauti inapoanza: transista za kutolea sauti kwa jozi, rezista nyeupe za kauri za omu 0.1 hadi 0.33, transista ndogo za kuzisukuma, na karibu na soketi za RCA chipu za kukuza sauti ndogo kama TL072 au 4558.

Ukitaka kujua nguvu halisi ya amplifaya, usisome maandishi makubwa ya juu ya kasha, tazama fyuzi. Fyuzi mbili za ampea 20, ambazo kwa kawaida ni za njano, zinaruhusu ampea 40. Zidisha kwa volti 13.8 upate wati 552 zinazoingia. Amplifaya ya aina hii hupoteza karibu nusu kuwa joto, kwa hiyo kwenye spika zitafika wati 300 hivi. Kasha lililoandikwa wati 1000 na lina fyuzi moja ya ampea 25 linakudanganya.

Macho na pua

Chukua taa kali na kioo cha kukuzia. Anza na kapasita. Kichwa kilichovimba ni rahisi kukiona, lakini nyingi huvuja chini zikiwa bado na sura nzuri juu. Dalili zake ni doa la kahawia au la kijani kuzunguka miguu, njia ya shaba iliyopoteza mng'ao, na harufu ya samaki unapoipasha moto kwa pasi ya kulehemu. Majimaji hayo hula shaba. Ukishaitoa kapasita, safisha kwa pombe ya isopropili na mswaki wa zamani, kisha kagua kama njia ya shaba bado inapitisha umeme.

Jambo ambalo wengi hulipita ni gundi. Viwanda vilimwaga gundi ya njano kushikilia kapasita na koili zisitikisike. Baadhi ya gundi hizo, zikikaa miaka mingi kwenye joto, hugeuka kahawia iliyoiva, huanza kupitisha umeme kidogo na kutafuna miguu ya vipuri. Amplifaya yenye kelele isiyoeleweka, au inayojizima bila mpango, inaweza kuwa na tatizo hilo tu. Ikwangue yote iliyogeuka rangi kwa kijiti cha mbao au plastiki, na ukikuta mguu wa rezista au dayodi umeota kutu chini yake, badilisha kipuri hicho hata kama kinapima vizuri.

Geuza bodi. Tafuta pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu katikati ya risasi ya kulehemia: hiyo ni ishara kwamba risasi imepasuka kwa joto na mtikisiko. Huonekana zaidi kwenye soketi za RCA, vishikizo vya gaini, vizibo vya spika na miguu ya transfoma. Usiongeze tu risasi mpya juu ya ile ya zamani. Nyonya ile ya kwanza, kisha lehemu upya kwa risasi ya 63/37 (mchanganyiko wa bati na risasi) na pasi ya wati 60 au zaidi, kwa sababu shaba nene za upande wa betri humeza joto. Pasi ya wati 25 itakuacha ukikandamiza mahali pamoja hadi shaba ibanduke kwenye bodi.

Kupima umeme ukiwa haupo

Anza na vizibo vyenyewe. Weka mita kwenye kipimo cha omu, waya mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye arthi. Namba itapanda polepole kapasita zinapojaa. Ikibaki chini ya omu 1 kuna shoti, na mara nyingi ni moja kati ya mbili: mosfeti, au ile dayodi nene iliyowekwa kulinda amplifaya mtu akigeuza nyaya za betri. Dayodi hiyo ndiyo ya kwanza kuitoa, kwa sababu ni rahisi na kazi yake hasa ni kufa kwa niaba ya wengine. Hii pia inaeleza kwa nini baadhi ya amplifaya hukata fyuzi hata REM ikiwa haijaunganishwa: umeme wa betri tayari unapita kwenye transfoma hadi kwenye dreni (mguu wa kuingilia umeme) za mosfeti, kwa hiyo mosfeti iliyokufa haingoji amri ya mtu.

Mosfeti za kundi moja zimeunganishwa dreni kwa dreni na sosi (mguu wa kutokea umeme) kwa sosi, hivyo moja ikipiga shoti zote zitaonekana mbovu. Mhalifu anajulikana kwenye geti, mguu unaopokea amri. Pima omu kutoka geti ya kila moja hadi arthi. Kwenye bodi yenye rezista za geti za omu 47, mbovu itasoma omu 2 au 3, na jirani zake zitasoma karibu 94, kwa kuwa mita inapita kwenye rezista yake na ya ile mbovu. Ukishampata, usimbadilishe peke yake. Badilisha kundi zima, na ukiweza makundi yote mawili, kwa vipuri vya aina moja na toleo moja. Mosfeti zenye tabia tofauti hazigawani mzigo sawasawa, na ile inayobeba zaidi itatangulia kufa. Pima pia rezista za geti moja moja, pamoja na transista ndogo zinazozima geti, kwani mosfeti ikifa geti yake hurudisha volti kubwa nyuma na kuziunguza.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazuri. IRF3205 ina ampea nyingi kuliko IRFZ44N, na zote zinabeba hadi volti 55, kwa hiyo mtu anaona anaboresha. Lakini geti ya IRF3205 inahitaji chaji zaidi ya maradufu: kikomo ni nanokulomu 146, na cha IRFZ44N ni 63. Saketi iliyoundwa kusukuma ile ndogo itaisukuma kubwa polepole, mosfeti itakaa muda mrefu kati ya kuwaka na kuzima, na joto litaiua. Rudisha namba ileile iliyokuwapo. Jihadhari na bandia pia: mita yenye kipimo cha kapasita ikipima geti na sosi za mosfeti mpya kumi, zote zikiwa nje ya bodi, zinapaswa kukaribiana. Moja ikisoma nusu ya wenzake, iweke kando.

Kwenye dayodi za upande wa pili, weka mita kwenye kipimo cha dayodi. Upande mmoja utasoma kati ya 0.35 na 0.5, upande wa pili usisome kitu au namba ipande taratibu kwa sababu ya kapasita. Zikisoma sifuri pande zote, zitoe.

Transista za kutolea sauti zinapimwa vivyo hivyo. Kati ya miguu ya besi na emita utegemee 0.5 hadi 0.7, na kati ya mguu wa kolekta na emita pasiwe na kitu kinachokaribia sifuri. Zilizo sambamba hufichana kama mosfeti, ila hapa unainua mguu mmoja wa kila rezista nyeupe ya emita ili kuzitenganisha. Rezista hizo zenyewe zipime kwa uangalifu: gusanisha kwanza ncha za mita uone zinasoma nini zenyewe, labda 0.2, kisha uondoe kiasi hicho. Bila hivyo rezista ya 0.22 itasoma 0.4 na utaitupa bure. Kilicho kibaya hasa ni ile isiyosoma kabisa, kwani huwa imekatika wakati transista yake ilipokufa. Transista ya kutolea ikifa, mpime pia msukumaji wake na rezista za karibu, kwa sababu mara nyingi huondoka pamoja.

Mwisho wa vipimo vya baridi ni pete ya nje ya kila soketi ya RCA hadi arthi ya betri. Bodi nyingi zina rezista kati yao, kwa hiyo unaweza kusoma makumi au mamia ya omu. La muhimu ni kwamba kushoto na kulia zifanane na zisiwe wazi, yaani zisiwe zimekatika. Ikiwa moja iko wazi, fuata njia yake nyembamba ya shaba karibu na soketi na utakuta imeungua. Hilo hutokea waya wa arthi ukilegea huku RCA zikiwa zimeunganishwa: umeme wote wa amplifaya hutafuta kurudi kupitia redio. Matokeo ni ule mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini, ambao watu huhangaika nao kwa kununua vichujio wakati dawa ni kipande cha waya mwembamba kilicholehemiwa juu ya njia iliyokatika.

Umeme wa kwanza, kupitia balbu

Usiwashe transista zikiwa zinaning'inia hewani. Zibane kwenye alumini hata kwa jaribio la sekunde chache. Kila transista iwe na kihami chake: kama ni maika, paka grisi ya joto nyembamba pande zote mbili, kama ni pedi ya silikoni, iweke kavu. Baada ya kubana, pima kati ya bamba la chuma la kila transista na kasha. Mita isionyeshe njia yoyote ya umeme kati yao. Kihami kilichochanika ni sababu ya kawaida ya ukarabati mzuri kuungua dakika ya kwanza.

Unganisha balbu ya gari ya volti 12, wati 55, kwenye waya wa chanya, ukitumia betri ndogo au chanzo cha volti 12. Balbu haitapitisha zaidi ya ampea 5 hivi hata kukiwa na shoti kamili. Fyuzi ndogo haifai kazi hii, kwa sababu mosfeti hufa haraka kuliko fyuzi inavyokatika. Spika na RCA zisiwepo.

Unganisha chanya na arthi kwanza, REM bado. Balbu ikiwaka, rudi kwenye mosfeti na dayodi ya ulinzi. Isipowaka, gusa REM kwenye chanya ya amplifaya. Balbu inapaswa kumulika mara moja kapasita zinapojaa, kisha kufifia au kuzimika. Ikibaki kali baada ya REM, chanzo cha umeme cha bodi (kile kiwanda cha kupandisha volti) hakina shoti chenyewe ila kinalazimishwa: dayodi za upande wa pili, transista za sauti, au kundi moja la mosfeti lisilopata zamu yake. Kugawanya tatizo, toa dayodi za upande wa pili uwashe tena. Balbu ikitulia, ugonjwa uko kwenye dayodi hizo au upande wa sauti. Isipotulia, uko kwenye chanzo.

Ikiwa hakuna kinachotokea kabisa, pima chipu ya TL494. Mguu wa 7 ni arthi na mguu wa 12 upate karibu volti za betri REM inapoguswa. Usipopata, fuata njia ya REM na transista yake ndogo. Mguu wa 14 utoe volti 5. Mguu wa 12 ukiwa sawa lakini wa 14 hautoi, chipu imekufa au kuna kitu kinauvuta chini. Mguu wa 4 ndio breki: ukiwa karibu na sifuri chipu inafanya kazi, ukipanda juu ya volti 3 inazuiwa, na hapo sakata ni la saketi ya ulinzi, si la chipu. Ulinzi huo husikiliza joto, mkondo uliozidi na volti zisizotakiwa kwenye vizibo vya spika, kwa hiyo taa ya PROTECT ikiwaka bila spika, angalia transista za kutolea na kihisi joto kabla ya kulaumu kitu kingine. Kwenye bodi nyingi amri hutoka kwenye miguu ya 9 na 10. Mwenye oskiloskopu (chombo kinachochora mawimbi ya umeme) ataona mawimbi ya mraba. Mwenye mita ya kawaida ataona wastani wa volti 4 hadi 6 kwenye kila mmoja. Kilicho muhimu ni usawa: mmoja 5 na mwingine 0.3 maana yake kundi moja la mosfeti linabeba kila kitu.

Mambo yakitulia, pima volti kubwa za chanya na hasi. Zilingane ndani ya volti moja hivi. Kisha pima volti za moja kwa moja (DC) kwenye vizibo vya kila spika: chini ya milivolti 50 ni nzuri, volti kadhaa itaunguza koili ya spika.

Baiasi, kapasita na kurudisha kwenye gari

Vile vishikizo vidogo vya bisibisi karibu na transista za kutolea huweka baiasi, yaani mkondo wa kusubiri. Weka alama ya kalamu mahali vilipo kabla ya kuvigusa. Kama umebadilisha transista, vishushe kabisa kwanza, ukithibitisha kwa mita ni upande upi unaoshusha, kisha washa kwa dakika 10 bila sauti wala spika. Pima milivolti kwenye rezista ya emita huku ukipandisha polepole. Milivolti 5 kwenye omu 0.22 ni karibu miliampea 23, kiasi cha kutosha kwa amplifaya nyingi. Kitabu cha kiwanda kikisema vingine, kifuate. Namba ikiendelea kupanda yenyewe kadiri kasha linavyopata joto, zima. Transista ndogo ya kuhisi joto haijabanwa kwenye alumini.

Kapasita za upande wa betri ningezibadilisha zote kwenye amplifaya yenye miaka 20, hata zikionekana nzuri. Zile za volti 16 zinaishi kwenye volti 14.4 saa zote gari linapotembea. Weka za volti 25, za kuhimili nyuzi joto 105, za aina ya upinzani mdogo, baada ya kupima kipenyo ili zitoshe nafasi. Vishikizo vya gaini vinavyokwaruza vinahitaji dawa ya kusafishia viunganishi na kuzungushwa mara kadhaa.

Ondoa balbu, tumia fyuzi ya ampea 10 kwa jaribio la kwanza la sauti na spika usiyoionea huruma, halafu iache icheze nusu saa huku ukigusa kasha. Joto lisambae sawa. Sehemu moja ikichemka peke yake, kuna skrubu haijabana au kipuri kinachobeba cha wenzake. Rudisha fyuzi yenye namba iliyochapwa kwenye kasha, isiwe kubwa zaidi. Kwenye gari, funga arthi kwanza kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha chanya, REM na spika, na baada ya hayo ndipo uchomeke RCA.